Barua kwa mwanangu: twiga waache, rudi kwenye majani

Mwanangu, shikamoo yako nimeipokea, marahaba sana. Sisi huku Moshi wazima.

Nimeziona picha ulizotuma kwenye grupu la familia, zote, nimezivuta karibu moja moja mpaka mdogo wako akataka simu yake. Hongera baba. Yale mabakuli yametulia, unene mmoja kuzunguka kote, hiyo siyo kazi ya mtu anayebahatisha. Ila kuhusu zile sahani za twiga na simba naomba nikwambie ninavyoona, maana mimi nimezaliwa Upareni kwenye nyumba ya wafinyanzi, udongo nimeujua kabla sijajua kusoma.

Yule twiga umemtoa kwenye picha na inaonekana. Arusha yote imejaa twiga huyohuyo, kwenye vinyago, batiki, tisheti, na najua watalii wananunua na kodi ya chumba inakusubiri, kwahiyo sikukatazi, tengeneza uuze. Lakini kile kikombe ulichokigandamizia jani la boga ndo nimekirudia rudia kukiangalia, kwasababu lile jani unalijua, umelichuma tangu mdogo, unajua linavyokwaruza mkono. Nataka uende huko zaidi. Na ukigandamiza tumia upande wa chini wa jani, huko ndo mishipa imesimama, afu usilibandue kwa nguvu likakuharibia, liache hapohapo litaungua lenyewe kwenye tanuri. Jani la mgomba halitakupa kitu, mistari yake ni myembamba mno, ila kata shina la mgomba utoe tabaka moja uangalie ndani, kuna vyumba vidogo vya hewa vimepangwa kama wavu, kandamiza ule upande kwenye udongo uone. Migomba tunayo hapa shambani, yaani uzuri wote ule tunawakatia ng'ombe kila siku bila kuutazama!

Mjomba wako mpagazi nimemwambia akutumie zile picha zake za Barranco, ile kambi ya mlima Kilimanjaro, kule karibu mita 3,900. Kuna ile miti minene mifupi ya senesio, hiyo aina haipo mahali pengine popote duniani ni Kilimanjaro tu, na majani yake yakizeeka hayadondoki, yanabaki yamelalia shina kuukinga mti na baridi ya usiku. Mimi nikiiona naona chungu kirefu kilichovalishwa vibamba vya udongo kuanzia chini kwenda juu, kimoja kinamlalia mwenzake. Ukijaribu, hakikisha vibamba na mwili wa chungu vina unyevu sawa, kwaruza pande zote mbili upake tope zito, la sivyo vikikauka kila kimoja kitasinyaa kwa mwendo wake na vitabanduka vyote. Pia kuna lile ua dogo jekundu na njano la msituni, Impatiens kilimanjari, nalo ni la mlima huu tu, nyuma lina mkia umejikunja. Mkia ule ni mkono wa kikombe tayari, sijui kwanini hakuna aliyeufanya.

Kuna mama mmoja wa Nijeria nataka umsome, Ladi Kwali, alizaliwa miaka ya 1920, alifundishwa na shangazi yake kijijini. Alikuwa anachora mijusi, nge, mamba na nyoka kwenye chungu kikiwa bado kibichi. 1954 alijiunga na kituo cha ufinyanzi cha Abuja (siyo mji mkuu wa leo, ni ule mji unaoitwa Suleja sasa) alichoanzisha Mwingereza Michael Cardew, akajifunza glezi, ule mpako unaoyeyuka ukawa kama kioo juu ya chombo, na tanuri la moto mkali, lakini vile vyungu vikubwa akaendelea kuvijenga kwa mkono vilevile kama kwao na wanyama walewale. Leo yupo kwenye noti ya naira 20. Umeona? Hakuhitaji kutafuta simba.

Bibi yako alikuwa anasaga vigae vya vyungu vilivyovunjika anachanganya kwenye udongo, na mimi nilidhani ni kubana matumizi tu, kumbe zile chenga zinaacha njia mvuke utoke na chungu kinavumilia moto wa kuni ulio wazi. Wewe una tanuri la umeme lakini na wewe usiwe na haraka, kausha kivulini siku nyingi, na joto likikaribia nyuzi 573 nenda polepole, kupanda na kushuka, hapo chembe za mchanga zinabadilika ukubwa ghafla na ndo vitu vinapasuka.

Kuhusu glezi, uliza tanuri lenu linafika wapi. Kama linavuka nyuzi 1,200 basi majivu ya jikoni yanafaa kabisa, yanasaidia udongo kuyeyuka uwe kioo. Likiishia 1,000 usipoteze muda. Na pumba za mpunga za huku Lower Moshi ukizichoma majivu yake karibu yote ni silika, yaani kitu kilekile kinachotengeneza kioo, yanatoa weupe fulani wa maziwa, mazuri sana.

Nimeshakusanya ndoo moja ya majivu ya kuni na kiroba cha yale ya pumba, nitavipakia kwenye basi la Ijumaa asubuhi, uwahi stendi wasije wakavishusha njiani. Yachekeche kwanza, uvae glavu na barakoa maana yakilowa yanachubua ngozi, na usichanganye hivyo viwili kwenye chombo kimoja kabla hujajaribu kila kimoja peke yake.

Mamako