Mama hulalia upande wa kulia

London, Jumapili usiku

Dada Fatma,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, pamoja na Salim anayefoka huko nyuma akidhani simsikii. Nimemsikia. Ati mimi, "mwenye kampuni", nimewatia aibu mtaa mzima.

Basi na mimi niseme yangu. Simu yangu ililia saa saba usiku, kwenu saa tisa. Naangalia namba inayotumwa na kile kidude cha sukari cha kampuni yetu, alichobandikwa Mama mkononi: 3.1, yaani imeshuka mno, na mshale waelekea chini. Mlitaka nifanye nini, nigeuke nilale? Mama achoma insulini, nayo yaweza kumshusha zaidi. Nikakupigia, hupokei. Salim amezima. Ndipo nikampigia Bi Rukiya, na Bi Rukiya mwamjua: alianza kumlilia Mama kabla hajafika mlangoni. Mengine umenisimulia mwenyewe. Komeo likavunjwa, Mama akainuliwa kichwa akanyweshwa soda chupa nzima, huku auliza nani amekufa. Kufika alfajiri ana 15.2, sukari imepanda mno. Na Salim, kwa ushujaa wake, akakibandua kidude akakitupa. Bei yake aijua?

Hili la pili usimwambie. Sukari haikuwa imeshuka. Kile kidude hakipimi damu yenyewe. Kina kiuzi chembamba kinachopima majimaji ya chini ya ngozi, na mtu akiulalia mkono wenye kidude, pale pakakandamizwa, kinasoma chini kwa uongo. Akigeuka, namba yarudi yenyewe. Wateja hunipigia kwa jambo hilihili, na mimi huwajibu kwa upole, kama daktari: geuka, ngoja kidogo, kisha dunga kidole uhakikishe. Usiku ule hata neno moja katika hayo halikunijia.

Usidhani kazini ndivyo nilivyo. Nilipoingia tulikuwa watu ishirini na wanane chumba kimoja, na aliyekuwa akiwafungulia wageni mlango ni mimi. Leo tumejaza ghorofa tatu, kwenye lifti nasalimiana na watu nisiowajua majina, na zamu ya usiku naisimamia mimi. Watu tisa, mmoja ana shahada mbili.

Na yale mahamri, nilikwambia? Programu yetu ina daftari la chakula: waandika ulichokula, yenyewe yakuhesabia wanga. Mbaazi za nazi haikuzijua kabisa, na mahamri iliyaita donati. Donati, Fatma! Nililipeleka kikaoni mara tatu wakawa wanacheka. Mara ya nne nikayapika mwenyewe, kwa tui na iliki kama ya Mama, nikayapima moja moja kwenye mizani, nikaingia nayo na sahani. Yaliisha kabla kikao hakijaanza. Sasa mtu akiandika mahamri, anayakuta kwa jina lake. Hilo mtangazieni Bi Rukiya, si lile la soda tu.

Ami Bakari naye mwambie hisa si pesa. Nimeandikiwa fungu langu kwenye karatasi, basi. Haliuziki mpaka kampuni yenyewe inunuliwe au iingie soko la hisa, na siku hiyo haina tarehe. Siwezi kwenda nalo dukani kwa saruji. Pesa ya dari nimetuma nusu, kwa namba yako, si ya Salim. Ya jenereta sijasahau.

Mimi mzima. Baridi ipo, tumezoea. Ila juzi nikirudi kutoka zamu nilisikia harufu ya muhogo wa kukaanga, sijui watoka dirisha gani, nikasimama njiani kama mjinga. Nilijiona niko Mama Ngina, pale ufukweni Mombasa, na wewe, kachiri mkononi, pilipili na ndimu, meli yaingia Kilindini polepole, na wewe wanilazimisha nihesabu makontena.

Mtoto wa Bi Rukiya anakuja mwezi ujao, nimempa kidude kingine. Mara ile aliyesema kibandikwe mkono wa kulia ni mimi. Mama hulalia ubavu wa kulia, kiganja chini ya shavu, na sisi alikuwa akitugeuza hivyo hivyo kila usiku hata tukinuna. Safari hii kiwekeni mkono wa kushoto.

Nduguyo,
Abdalla