Bei ya mtandaoni mmeihesabu bila nauli

Ndugu Mhariri,

Nimekuwa msomaji wa gazeti lako tangu nikiwa mwalimu kijana, na sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Safari hii nimeshindwa kunyamaza, kwa sababu ya ile taarifa yenu kuhusu sisi tunaotengeneza mvinyo nyumbani hapa Dodoma. Mwandishi wenu amepanga bei mbili sambamba: pakiti ya hamira ya mvinyo dukani shilingi 9,000, mtandaoni shilingi 3,000. Kisha akawaita wenye maduka walanguzi. Nauli ya kuifikisha hiyo pakiti hapa hakuitaja. Nimeirudia taarifa mara tatu nikiitafuta, haimo.

Nauli ndiyo habari yenyewe. Pakiti ya hamira ina gramu 5, na inatosha lita 20 na ushee za juisi ya zabibu. Wanaoleta vifurushi kwa ndege hutoza kwa kila nusu kilo, kwa hiyo mwenye kuagiza pakiti moja analipia nusu kilo, na mwenye kuagiza pakiti 80 naye analipia nusu kilo ileile. Muuza duka anayeleta boksi zima anaigawa nauli hiyo kwa wateja wake wote. Vyombo vikubwa ndiyo balaa zaidi. Wanapima urefu, upana na kimo kwa sentimita, wanazidisha, wanagawanya kwa 5,000, na jibu likizidi uzito wa kwenye mizani unalipia hilo jibu. Pipa tupu la plastiki la sentimita 40 kwa 40 kwa 50 linalipiwa kilo 16, wakati mjukuu wangu wa darasa la kwanza analibeba bila shida.

Haya siyaongei kwa kusikia. Mwaka jana mwezi Juni niliamua na mimi niende na wakati. Binti yangu akaniagizia kwa simu yake pakiti nne za hamira, hidromita moja (kile kipimo cha kioo cha kujua sukari iliyomo kwenye juisi) na vizibo viwili vya kutolea hewa. Bidhaa zote dola 19. Nauli dola 41. Nikalipa, kwa kuwa nilitaka vifike kabla ya mavuno ya Agosti, maana huku tunavuna mara mbili kwa mwaka na zabibu ikiiva haimsubiri mtu. Siku zikapita, Julai ikaisha, zabibu zangu nyekundu za Makutupora zikaanza kulegea kwenye mti na nyuki wakazivamia. Nikakata, nikakamua, nikapata lita 40, na kwa kukosa la kufanya nikatia hamira ya maandazi. Ilichemka siku nne ikakatika katikati, ikabaki tamu, na inanuka unga uliolala. Ule ulikuwa mvinyo wa kipaimara cha mjukuu wangu, na niliona aibu mbele ya wakwe. Mzigo ulifika wiki mbili baadaye. Nikatozwa shilingi 38,000 nyingine za kuutoa. Nafungua boksi, hidromita ni vipandevipande, na hamira zilikuwa zimekaa kwenye joto kiasi kwamba kati ya pakiti nne iliyoamka ni moja. Muuzaji akajibu kwamba vitu vya kioo havina dhamana. Jumla nilitumia zaidi ya shilingi 180,000. Vitu hivyohivyo pale dukani karibu na Soko la Majengo vingenigharimu 83,000, na hidromita ningeishika mkononi na kuikagua kabla sijatoa hela. Sasa, Mhariri, nani hapo mlanguzi?

Na dukani kwenyewe nilichelewa. Niliporudi Septemba nilikuta rafu ya vifaa vya mvinyo ina mifuko ya chakula cha kuku. Mwenye duka akaniambia watu wanakuja kumuuliza hamira gani inafaa, zabibu ziwe na sukari kiasi gani, hidromita inasomwaje, anawaelekeza nusu saa nzima, kisha wanakwenda kuagiza kwenye simu. Hakusema kwa hasira. Nilijisikia vibaya kwa sababu nilikuwa mmoja wao.

Matokeo yake tunahangaikia hata ndoo. Pale dukani zilikuwapo ndoo zenye alama ya bilauri na uma chini, kuonyesha zinafaa kwa chakula. Siku hizi tunauziwa mnadani ndoo zilizobeba rangi au dawa, zimesuguliwa na kubanduliwa karatasi, na anayeuza anaapa ni safi. Mimina maji ya moto uone harufu inavyopanda! Watu wanavundika juisi humo kwa wiki tatu na kuwapa wageni wao. Hili limekaa kimya muda mrefu mno, na lingefaa kuandikwa kuliko kuwasema wenye maduka.

Naomba mambo mawili. Kwanza, mkichapisha tena bei ya mtandaoni, wekeni bei ya kitu kikiwa mlangoni kwa mtu, pamoja na nauli, ushuru na makato ya benki ya kubadilisha dola. Pili, nimezungumza na yule mwenye duka. Amekubali kuleta boksi moja la hamira na hidromita 12, na hamira atazitunza kwenye friji ya soda, iwapo kaya 12 zitalipa nusu mapema. Mpaka leo tumefika tisa. Aliye na mizabibu Mpunguzi, Hombolo au hapa Veyula, na anataka kukamua Agosti, apite kwake kabla ya Mei kwisha. Amwambie ni kwa ajili ya boksi la zabibu, ataelewa.

Mwalimu mstaafu,
Veyula, Dodoma