Barua kwa Zuhura kuhusu maji ya tumboni mwa mama

Mpendwa Zuhura,

Nimesoma ujumbe wako kabla ya kuingia zamu, na kutwa nzima mawazo yalikuwa kwenu. Unauliza kwa nini daktari anahangaika na maji kidogo badala ya kumpasua mama mara moja na kuutoa uvimbe wa kongosho.

Maji hayo ndiyo yenye neno. Seli za saratani huweza kutoka kwenye kongosho, zikatua kwenye utando wa ndani ya tumbo, nao ukaanza kutoa maji. Zikionekana humo, ugonjwa umefika hatua ya 4, yaani umeshasambaa nje ya kongosho. Kumpasua hapo ni kumwachia kidonda kikubwa na saratani bado anayo. Sitaki mama apitie hayo bure.

Wangeweza kupitisha sindano kwenye ngozi kama maji yangekuwa mengi. Yakiwa kidogo hujificha huko ndani, na hata picha ya sitiskani (CT scan) huweza kuyakosa. Hapo ndipo endoskopi yenye ultrasaundi inaposaidia, yaani mpira wenye kamera na kifaa cha mawimbi ya sauti kinachoonyesha picha za ndani.

Mimi husimama kichwani pa mgonjwa kazi hiyo ikifanyika. Analala ubavu wa kushoto, anapewa dawa ya usingizi, mpira mwembamba unapita kinywani hadi kwenye mfuko wa chakula. Kwenye skrini maji huonekana meusi tii, mara nyingi kama kijipembetatu kilichobanwa kando ya ini. Sindano inatokea ndani ya mpira uleule, inatoboa ukuta wa mfuko, daktari anavuta taratibu. Pengine tunapata mililita chache tu, na chumba kizima kinafurahi. Anahakikisha sindano haipiti kwenye uvimbe, isije ikabeba seli zake hadi kwenye maji.

Majibu yakija hayana seli, msishangilie upesi. Seli zinaweza kuwapo tumboni zisiingie kwenye sampuli. Tena maji huletwa pia na ugonjwa wa ini au kifua kikuu, ndiyo maana maabara hupima na albumini, aina ya protini, kusaidia kujua maji yametokana na nini.

Kama mama anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, mwambie daktari mapema, wala usimwachishe mwenyewe. Baada ya kipimo akipata homa au tumbo likimuuma sana, mrudishe hospitali siku hiyohiyo.

Siku ya majibu usiende peke yako, dada. Nitajie tarehe niombe ruhusa kazini, tukae wote pale.

Wako,
Rehema