Vijana wetu na wiki za matokeo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wazazi wenzangu ambao watoto wao wamefanya mtihani wa kidato cha nne.

Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora kitaifa, uamuzi ambao mimi niliuona wa busara. Kwa bahati mbaya, ushindani huo tunauendeleza wenyewe majumbani. Matokeo yakitoka, alama za mtoto husambazwa katika kundi la WhatsApp la ukoo kabla mwenyewe hajapata hata nafasi ya kulia, na mara shangazi na baba wadogo huanza kuuliza binamu yake kapata daraja gani. Kijana aliyepata daraja la nne, akisikia hayo, haelewi tena kwamba alishindwa Hisabati na Fizikia. Anaelewa kwamba yeye hafai.

Nimefundisha sekondari kwa miaka mingi, na nathubutu kusema kuwa kijana anayejidharau si lazima alie. Wengi hujifungia chumbani, hususia chakula, hujibu kwa ukali au huwakwepa rafiki waliofaulu, nasi tuliolelewa tukiamini kwamba mtoto hamnunii mzazi, tunaona kiburi na kumgombeza, ilhali gombezo lile linamthibitishia yaleyale aliyokwisha kujiambia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mtu mmoja kati ya saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili, kwa hiyo tusidhani jambo hili ni la nyumba za wengine.

Siku ya matokeo, mwiteni mtoto mezani, mpeni pole, mle pamoja. Habari za kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, au za kujiunga na chuo cha ufundi stadi cha VETA au chuo cha maendeleo ya wananchi, ni njema na mzazi anapaswa kuzijua mapema, lakini zikiletwa saa ileile mtoto huzisikia kama hukumu ya pili. Zinaweza kungoja siku chache. Lisilongoja hata saa moja ni kauli ya kijana kwamba amechoka kuishi: asiambiwe kuwa anatafuta huruma, asiachwe peke yake, na afikishwe hospitali. Huduma ya Simu kwa Mtoto, namba 116, hupigwa bila malipo, na mzazi pia anaweza kuipiga.

Kwa wakuu wa shule nina ombi moja. Mnatuita kwa ajili ya michango na utovu wa nidhamu, nasi tunakuja. Tuiteni pia kabla ya matokeo kutangazwa, mwalimu wa ushauri nasaha azungumze nasi kuhusu namna ya kuwapokea watoto hawa.

Mzazi na mwalimu mstaafu,
Morogoro