Shangazi, usiitupe simu baharini bado

Shangazi yangu mpenzi,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh, na shikamoo. Nimeusikiliza ujumbe wako wa sauti hadi mwisho, kisha nikaurudia, kwa sababu hofu iliyomo si ndogo na mambo uliyoyataja yamekuja kwa pamoja: simu inapata moto hata ikiwa imelala mezani, betri haifiki adhuhuri, tangazo jekundu limejitokeza likidai kwamba simu ina virusi 13, mwenzako wa chama amekubonyezesha *#21# na kukuambia kwamba mazungumzo yako yanaelekezwa kwingine, na juu ya yote hayo mtu aliyejiita afisa wa kampuni ya simu amepiga akitaka kukusaidia kumfukuza mdukuzi. Ulisema ulikaribia kuitupa simu hiyo pale jeti. Kwa kuwa wewe ndiye mweka hazina wa chama, na michango ya wenzako hupitia katika laini hiyo, sioni kwamba umepita kiasi. Nakujibu hadharani kwa idhini yako na bila kukutaja jina, kwani huku Malindi nako watu wa makamo yako huniletea hofu hiyo hiyo, karibu kwa maneno hayo hayo.

Nianze na yule afisa, kwa sababu kati ya yote uliyoyasimulia, yeye peke yake ndiye hatari ambayo haina shaka. Mtu wa namna hiyo hana haja ya kujua lolote kuhusu kompyuta. Anachohitaji ni nambari yako, ambayo imo katika makundi ya WhatsApp ya harusi na matanga yasiyo na idadi, na hofu yako, ambayo anaizusha mwenyewe kwa kukuambia kwamba umedukuliwa. Ukishaogopa, atakuomba umsomee tarakimu sita zitakazoingia kwa ujumbe mfupi, akidai kwamba ni za kumfungia mdukuzi nje, ilhali tarakimu hizo ndizo zinazotumwa na WhatsApp pale mtu mwingine anapojaribu kuisajili nambari yako katika simu yake. Ukimsomea, yeye anaingia na wewe unatolewa, na muda si muda jamaa zako kuanzia Faza hadi Maskati wanapokea ujumbe wenye picha yako ukiomba mkopo wa dharura. Wengine humwelekeza mtu apakue AnyDesk au TeamViewer, ambazo ni programu halali zinazotumiwa na mafundi kuhudumia vifaa vilivyo mbali. Lakini ukimpa tapeli ile nambari inayojitokeza baada ya kuifungua, utakuwa umemfungulia mwenyewe aone kila kinachopita kwenye kioo. Hivi ndivyo simu nyingi za watu wa kawaida zinavyoingiliwa kutoka mbali, kwa ruhusa ya mwenyewe iliyotolewa kwa hofu.

Umefanya vyema kumkatia. Safaricom imetangaza mara nyingi kwamba huwapigia wateja wake kwa nambari 0722 000 000 pekee, na hata sauti itokayo hapo haina haki ya kukuuliza PIN ya M-Pesa. Nambari ya yule tapeli itume kwa 333. Huduma hiyo hailipiwi.

Dalili nyingine nitazipitia kwa haraka, si kwa kuzidharau, bali kwa sababu hakuna hata moja inayotosha kuthibitisha udukuzi. Betri ya simu huchakaa, na joto ndilo linaloichakaza upesi zaidi. Simu iliyotumika miaka kadhaa hapo Amu (Lamu), ikachajiwa chini ya mto wakati wa kaskazi na kutwa nzima ikawa mikononi mwa wajukuu wanaotazama katuni, haiwezi kuwa na nguvu ya ujanani. Fungua mipangilio, uingie sehemu ya betri, na utaona ni programu gani inayoila. Ukikuta jina usilolifahamu likiongoza, niandikie. Ukikuta YouTube, waandikie wajukuu. Lile tangazo jekundu nalo ni uongo mtupu, kwani ukurasa wa intaneti hauna uwezo wa kukagua simu yako na kuhesabu virusi vilivyomo. Kuna tovuti iliyokuomba ruhusa ya kukutumia arifa, mmoja wa watoto akaikubali, na dawa yake ni kuiondoa ruhusa hiyo katika mipangilio ya kivinjari, wala si kubofya kitufe cha kusafisha.

Kuhusu *#21#, mwenzako alikuwa na nia njema lakini amekutisha bure. Msimbo huo huuliza mtandao swali moja tu, kama simu zinazokupigia zinahamishiwa nambari nyingine, na hauna habari yoyote ya majasusi. Ukiona pana nambari usiyoitambua, piga ##002# na uhamishaji wote utafutwa. Jihadhari zaidi na kinyume chake, yaani mtu akikuomba upige msimbo unaoanza kwa nyota na 21, ukafuatiwa na nambari yake, maana hapo ndipo simu zako zitaanza kumfikia yeye, pamoja na ile simu ya WhatsApp inayosoma tarakimu za uthibitisho kwa sauti.

Uliniuliza pia, kwa kunong'ona, kama simu inakusikiliza, kwa sababu ulizungumza na jirani kuhusu jiko la gesi na jioni matangazo ya majiko yakakujia. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern, Marekani, walichunguza programu zaidi ya 17,000 za Android na hawakupata ushahidi kwamba zinawasha kipazasauti kwa siri, ingawa walikuta baadhi yake zikirekodi kile kinachoonekana kwenye kioo na kukipeleka kwingine. Kampuni za matangazo zinajua ulipo, ulichokitafuta, na nani yuko karibu nawe. Jirani yako akitafuta bei ya jiko, hiyo inatosha. Mimi binafsi silipendi jambo hilo hata kidogo, ila halihusiani na wizi tunaouzungumzia.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hukulitaja kabisa, nami ndilo linaloninyima utulivu. Nani aliyekufungulia akaunti ya Google? Nakumbuka simu ilinunuliwa dukani Langoni, na kijana aliyeiuza akamaliza kila kitu papo hapo, akakukabidhi ikiwa tayari kwa WhatsApp. Ili programu ziweze kupakuliwa, ni lazima aliingiza anwani ya barua pepe na neno la siri, na wewe hadi leo hujapata kuliona neno hilo. Ni kama mtu aliyehamia nyumba mpya huku mwashi akiwa bado na ufunguo wa pili. Simtuhumu kijana yule. Wengi hufanya hivyo kwa wema, na wengine hutumia akaunti moja kwa wateja kadhaa kwa uvivu tu. Hata hivyo, yeyote anayelijua neno hilo la siri anaweza, akiwa na simu au kompyuta yoyote, kuyaona majina na nambari ulizozihifadhi, kuzitazama picha zako kama zinahifadhiwa huko, zikiwemo picha za kitambulisho na za daftari la chama, kuitafuta simu ilipo kwenye ramani, kuifunga au kuifuta yote, na hata kuagiza programu ijisakinishe humo kutoka Play Store. Kwa maneno mengine, kila unachokiogopa kinawezekana bila ya mtu kudukua chochote.

Kwa hivyo, kabla ya kufikiria virusi, mwite binti yako mketi pamoja. Katika mipangilio, sehemu ya Google, tazameni ni anwani gani iliyomo, ni nambari gani ya simu iliyowekwa kwa ajili ya kuirejesha akaunti, na orodha ya vifaa vilivyoingia kwa akaunti hiyo. Kama neno la siri linaweza kubadilishwa, libadilisheni na mviondoe vifaa vyote msivyovijua. Kama haliwezekani, kwa sababu uthibitisho unapelekwa kwa nambari ya mtu mwingine, usipigane nalo: fungua akaunti mpya iliyo yako, hamisha majina na picha, kisha iondoe ile ya zamani kwenye simu. Neno jipya la siri liandike katika daftari na ulifungie kabatini. Wapo wataalamu watakaonicheka kwa ushauri huo, lakini mwizi aliye mbali hawezi kulifungua kabati lako la Langoni, na wewe hutalazimika tena kumuuliza kijana wa dukani akukumbushe.

Ukimaliza hapo, ingia WhatsApp, sehemu ya vifaa vilivyounganishwa. Yeyote aliyeishika simu yako kwa dakika moja, ikiwa imefunguliwa, angeweza kuiunganisha na kompyuta yake na tangu siku hiyo akawa anausoma kila ujumbe sawasawa na wewe. Usichokitambua kitoe. Kisha washa uthibitisho wa hatua mbili, uchague PIN ya tarakimu sita isiyo mwaka wako wa kuzaliwa, ili hata siku ile tarakimu za ujumbe mfupi zikimponyoka mtu, mwizi akute mlango mwingine mbele yake.

Programu za upelelezi zipo kweli, na nyingi huwekwa na mkono unaoijua simu: mume, mzazi, mpwa, fundi. Hujificha kwa majina ya kawaida, na huhitaji ruhusa kubwa, kwa hivyo utazikuta ukitazama katika mipangilio sehemu ya ufikivu (Accessibility) na orodha ya wasimamizi wa kifaa, yaani programu zilizopewa mamlaka juu ya simu, ambazo kwa simu kama yako aghalabu hazina kitu au zina majina machache unayoyajua. Angalia pia kama umewekewa WhatsApp isiyo rasmi, zile za GB na FM ambazo vijana wetu wanazisifu kwa rangi zake. Mwaka 2021 kampuni ya Kaspersky iligundua kwamba toleo moja la FMWhatsApp lilikuwa limebeba programu hasidi iitwayo Triada. Iondoe, upakue ile halisi. Hapa niseme kidogo kwa dada wengine wanaosoma: ukishuku kwamba aliyekuwekea programu ya upelelezi ni mtu unayeishi naye na ambaye mkono wake unauogopa, usiifute kwa haraka, maana ataijua dakika hiyo hiyo; tumia simu ya mtu unayemwamini kuomba msaada kwanza. Sheria ya Kenya ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya mwaka 2018 inamtambua aingiaye bila ruhusa kuwa mhalifu, na adhabu yake inafika faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miaka 3, au vyote viwili.

Umesikia redioni habari za Pegasus, programu ya kampuni ya NSO ya Israeli, ambayo huingia bila ya mtu kubofya chochote. Ni kweli: mwaka 2019 WhatsApp ilisema kwamba watu wapatao 1,400 walilengwa kwa njia ya simu zilizopigwa kupitia WhatsApp, hata ambazo hazikupokewa. Silaha hiyo huuzwa kwa serikali, kwa bei kubwa, na walengwa waliojulikana ni waandishi wa habari, mawakili, watetezi wa haki na wanasiasa. Na hata hapa Kenya, katika kisa cha mwaka 2025 ambapo watafiti wa Citizen Lab wa Chuo Kikuu cha Toronto walisema kwamba programu ya upelelezi iitwayo FlexiSPY iliwekwa katika simu za watengenezaji filamu, simu hizo zilikuwa zimeshikwa na polisi wakati huo. Hazina ya chama ni amana kubwa, lakini anayeitaka hatatumia mamilioni kuifikia wakati simu moja ya uongo inaweza kumtosha.

Limebaki jambo la laini yenyewe. Mwizi anayeshindwa kukutoa tarakimu anaweza kujaribu kuihamisha nambari yako kwenye kadi nyingine, na dalili yake si joto wala betri, bali ni mtandao kupotea ghafla na kutorudi huku majirani wako wakiwa nao. Hapo usingoje asubuhi. Tumia simu ya jirani uiarifu kampuni. Kwa sasa piga *100*100# ya Safaricom, ambayo huizuia laini yako isibadilishwe kadi kwa mawakala, na *106# ili uone kama kuna laini nyingine zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Fedha za chama nazo zisilale kwenye laini ya mtu mmoja. Wazungumzie wenzako wazipeleke katika akaunti ya benki yenye watia sahihi watatu, jambo ambalo lingefaa hata kama simu zisingekuwepo.

Inshallah mwisho wa mwezi nitapanda basi hadi Mokowe na kuvuka. Ikiwa baada ya haya yote bado moyo wako hautulii, tutaifuta simu yote na kuianza upya kwa akaunti yako mwenyewe, na hilo huondoa karibu kila programu ambayo mtu wa kawaida angeweza kuiweka. Kitambulisho na risiti ya simu viwe tayari, na asitokee fundi wa kuiflashi, yaani kuiwekea mfumo upya, kabla sijafika.

Wasalaam,
mwanao wa Malindi