Barua ya kufunga muhula: alizeti za watoto wetu

Kwa wazazi na walezi wa Darasa la Kwanza na la Pili,

Salaam. Shule inafungwa Ijumaa hii, na kila mtoto atarudi nyumbani na ripoti yake. Tafadhali isomeni, isainiwe, na irudishwe siku ya kufungua. Habari za michango ya uji tutazimaliza kwenye kikao cha wazazi. Leo nataka kuwaeleza kwa kirefu juu ya michoro mtakayoikuta kwenye mabegi, maana baadhi yenu mmenifuata ofisini kuniuliza mbona watoto siku hizi wanachora tu.

Mwezi Januari tuliwaambia watoto wachore nyumba. Zikaja nyumba 62, zote moja: paa la pembetatu, mlango katikati, madirisha mawili, jua kwenye kona. Hakuna aliyechora tembe ya bibi yake. Hakuna aliyeweka hata jiwe moja, na hapa Singida mtoto akitoka mlangoni kitu cha kwanza kukiona ni mawe makubwa kuliko nyumba. Nilihuzunika. Walikuwa wamechora nyumba ya ubaoni, ile tuliyowazoesha sisi walimu. Ndipo tukaamua kuwaonyesha wachoraji wanne, mmoja mmoja bila haraka, waone kwamba kila mmoja ana jicho lake na mkono wake.

Wa kwanza alikuwa Mholanzi, Vincent van Gogh. Mwaka 1888, akiwa Arles, kusini mwa Ufaransa, alichora alizeti ili kupamba chumba cha mchoraji mwenzake, Gauguin, aliyekuwa anakuja kukaa naye. Mwalimu wa Darasa la Pili aliichapisha picha yenye alizeti 15 kwenye steshenari mjini, akaibandika kwenye manila. Nilikuwa nimekaa nyuma ya darasa. Mtoto mmoja akanyanyuka akaenda hadi kwenye picha, akagusa vichwa vilivyopukutika: "Mwalimu, hizi zimeshakomaa, mbona hawajavuna?" Ni kweli, kwenye picha ile baadhi ya maua yamekwisha kuangusha petali na kubaki mbegu tupu. Mimi nimeiona picha hiyo miaka mingi na sikuwahi kulitambua hilo. Imebidi nielezwe na mtoto wa mkulima.

Kesho yake tukawapeleka kwenye shamba la jirani, kwa ruhusa yake, kabla hajavuna. Tulikoroga rangi ya maji na uji mzito wa unga wa ngano, kwa kuwa Van Gogh alipaka rangi nzito inayobaki na alama za brashi. Mmoja wa wadogo kabisa alichora alizeti yote ya kijani, haina njano hata kidogo. Mwenzake akamcheka. Nikainama hadi usawa wa macho yake, nikaona anachokiona yeye: mgongo wa ua, majani ya kikonyo na bua. Kwa urefu wake, alizeti ndivyo ilivyo.

Georges Seurat, Mfaransa, yeye alijenga picha kwa vinukta vidogo vya rangi. Picha yake kubwa ya watu waliopumzika kando ya mto Seine, aliyoifanyia kazi kati ya 1884 na 1886, ina urefu wa mita 3 na kimo cha zaidi ya mita 2. Tuliipima kwa chaki sakafuni barazani. Watoto 22 walikaa ndani yake wakabanana. Kisha wakachovya njiti za pamba kwenye njano na bluu, wakadonoa nukta karibu karibu, wakarudi nyuma hadi mlangoni kutazama kijani kikitokea.

Na wa kwetu je? Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932. Hakupitia chuo cha sanaa. Mwaka 1968, jijini Dar es Salaam, alianza kuchora wanyama kwa rangi ya mafuta ya dukani juu ya vipande vya hadibodi. Alifariki mwaka 1972, lakini ndugu na wanafunzi wake waliendeleza mtindo huo, ndiyo maana leo jina lake ndilo jina la michoro yenyewe. Henri Matisse tulimgusa kidogo tu: uzeeni, alipodhoofishwa na maradhi, alikata picha kwa mkasi kutoka kwenye karatasi zilizopakwa rangi.

Kwa mnaohofia kusoma, kuandika na kuhesabu: chini ya kila mchoro mtoto ameandika sentensi yake mwenyewe. Yupo ambaye hadi Machi hakuwa akiandika zaidi ya jina lake. Chini ya alizeti yake ameandika: "Hii yetu imeinama kwa sababu ni nzito."

Ombi langu likizo hii ni dogo. Mpeni mtoto boksi tupu na mkaa au penseli, akae nje achore anachokiona. Msimchoree. Akileta tembo wa zambarau, msimwambie tembo hayuko hivyo. Muulizeni alimwona wapi. Kaka na dada zake nao waambiwe wasimsahihishe, maana hao ndio wepesi wa kushika penseli ya mdogo wao.

Michoro ya alizeti tumebaki nayo. Itabandikwa darasani siku ya kikao, majina yakiwa nyuma ya karatasi. Mkifika, tafuteni ya mtoto wenu kabla ya kugeuza.

Wenu katika malezi,
Mwalimu Mkuu