Kaka, Ijumaa nakuja kukuchukua

Mambo kaka,

Meseji yako nimeisoma usiku nikakosa usingizi. Wamekuita intavyuu ya kazi ya kupangia magari safari afu unasema huendi coz uko kwenye kiti mwendo, "wataniona mzigo". Kaka hao watu hata hawajakuona bado, hilo neno mzigo umelitoa kichwani kwako, na nalijua maana mi nimekaa nalo miaka miwili ndani baada ya ajali kuniumiza mgongo.

Unajua nilikuwa naogopa nini? Mkojo. Nilikuwa nawaza nitajikojolea mbele za watu, basi hata kuomba kazi siombi, na simwambii mtu, mama akiuliza nasema mgongo bado unauma. Nesi wa kliniki ndo alinidodosa taratibu mpaka nikasema, tukapanga ratiba ya katheta, ule mrija wa kutoa mkojo, kila baada ya masaa manne mpaka sita, kwenye begi nguo za kubadili. Kazini ilivuja mara mbili mwanzoni, nikabadilisha, siku ikaendelea. Sikufa kaka.

Ila lako nadhani lipo kwenye udereva. Miaka tisa kwenye lori, mtaa mzima wanakuita dereva, leo usukani haupo unajiuliza we nani. Hapo na mi nililia sana sikufichi. Lakini hiyo kazi ya kupangia magari safari ni barabara ileile ya Tunduma, mizani ya Vigwaza, Makambako, gari likichelewa unajua limelala wapi na dereva akikudanganya unamjua kwa sauti tu. Hayo yako yote unayo, unayo kwenye kiti mwendo.

Na usiende kinyonge. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye watu kuanzia 20 awe na asilimia 3 wenye ulemavu, kwahiyo uliza mlango wa choo una upana gani, uliza kabisa. Mi kazi ya kwanza niliona aibu kuuliza, nikawa sinywi maji kutwa nzima nisiende chooni, UTI, maambukizi ya njia ya mkojo, ikanilaza, nikaacha kazi nikijiona mimi ndo nimeshindwa.

Hiyo ya kuamka saa tisa usiku unawaza bora usingepona, mwambie daktari, usisubiri kliniki ya mwezi ujao, inaweza kuwa sonona na inatibika. Ikikujia tena nipigie, saa yoyote.

Ijumaa saa moja nipo hapo na bajaji. Usisahau mto wa kukalia.